Virusi na Njia ya Naitrojeni: Kumbukumbu kutoka Bonde la Kikoneni

Naitrojeni ni takriban asilimia 78 ya hewa ambayo kila kiumbe huivuta, na bado ndiyo kirutubisho ambacho mkulima hukikosa shambani mara nyingi na kulazimika kukinunua. Mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ulipopita shilingi 6,000 nchini Kenya, kabla ya ruzuku ya serikali kuushusha hadi shilingi 3,500 mwezi wa Septemba na kisha 2,500 mwaka uliofuata, mazungumzo ya wakulima wa Kwale yaligeuka kuwa mazungumzo ya naitrojeni, ingawa wengi hawakuitaja kwa jina hilo. Sababu ya gharama hiyo iko katika umbo la elementi yenyewe: atomi mbili za naitrojeni zilizoko hewani zimeshikana kwa kifungo cha mara tatu ambacho mmea hauna uwezo wa kukivunja, na viwanda vinavyofuata mbinu ya Fritz Haber na Carl Bosch, iliyoanza kutumika kibiashara huko Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, hukivunja kwa joto la zaidi ya nyuzi 400 na kwa mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya kawaida zaidi ya mara mia. Wapo hata hivyo viumbe wadogo wanaoifanya kazi hiyo hiyo katika tope la bonde, pasipo tanuri wala nishati ya gesi, na miongoni mwao ni sianobakteria, yaani bakteria wa rangi ya kijani iliyochanganyika na samawati, ambao hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama yafanyavyo majani.

Mwandishi wa makala haya alizaliwa na kulelewa Kikoneni, bara ya Ramisi, na mjadala wa mbolea ulimfanya azipitie upya kumbukumbu za miaka aliyoishi karibu na maji ya kijani, kuanzia mabonde ya mpunga ya utotoni hadi maabara ya chuo, ziwa la magadi la Bonde la Ufa na ghuba ya Gazi. Kumbukumbu hizo humwelekeza kwenye hoja moja, nayo ni kwamba hesabu ya naitrojeni haikamiliki kwa kuwahesabu wanaoinasa na wanaoitumia peke yao, kwa kuwa kati ya makundi hayo mawili yumo mshiriki wa tatu asiyeonekana hata kwa darubini ya kawaida, yaani virusi vya sianobakteria, ambavyo kabla ya kuiua seli huzigeuza kazi zake za ndani ili naitrojeni yake ivitumikie vyenyewe.

Katika mabonde yaliyozunguka Kikoneni, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Udigoni, kilimo cha mpunga kilikuwa kwa desturi kazi ya wanawake, na bibi yake mwandishi alikuwa na kipande chake ambacho wakati wa masika kilijaa maji na kufunikwa na ukoga wa kijani uliokolea. Wasichana na wavulana waliopelekwa kupalilia walipenda kuuzoa ukoga huo na kuutupa ukingoni, kwa kuwa uliteleza na kunata miguuni, lakini bibi alikataza jambo hilo na kuagiza ukanyagwe uingie kwenye tope, akishikilia kwamba kipande chenye ukoga ndicho kinachozaa. Hakuna aliyemdai maelezo, naye hakuwa na sababu ya kuyatoa, maana mavuno yalikuwa ushahidi wa kutosha.

Maelezo ya kitaalamu ya desturi hiyo yalikuwapo tayari. Mwaka 1939, mtaalamu wa Kihindi P. K. De alieleza kwamba rutuba ya mashamba ya mpunga yanayolimwa mwaka baada ya mwaka bila mbolea hutokana kwa sehemu kubwa na sianobakteria wa majini, na makadirio ya watafiti waliomfuata huweka mchango wao katika kilo 20 hadi 30 za naitrojeni kwa hekta kwa msimu. Chombo chao ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, kiitwacho naitrojenesi, ambacho huigeuza naitrojeni ya hewa kuwa amonia. Kazi hiyo ni ghali mno kwa kiumbe mdogo: kila molekuli moja ya naitrojeni hugharimu molekuli 16 za ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nishati ndani ya seli, na kimeng'enya chenyewe huharibika kikiguswa na oksijeni, ile ile ambayo sianobakteria huitoa mchana kutwa kwa usanisinuru. Aina kama Anabaena na Nostoc wameutatua mgongano huo kwa kuteua baadhi ya seli katika uzi wao, zikaota kuta nene na kuacha kutoa oksijeni, ili ziwe vyumba vya kunasia naitrojeni peke yake; seli hizo huitwa heterosisti. Ukoga uliokanyagwa na watoto wa Kikoneni ulikuwa na shughuli yenye mgawanyo wa kazi ulio makini kiasi hicho, na mwandishi, kila anapokumbuka katazo la bibi yake, huona kwamba ujuzi wa wakulima wanawake wa Pwani ulistahili kupewa nafasi katika vitabu vya shule mapema zaidi kuliko ilivyotokea.

Tukio la pili linahusu lambo la kunyweshea mifugo. Kiangazi kimoja maji yake yaligeuka kijani kizito, yakakaa hivyo kwa majuma, kisha katika muda mfupi sana rangi ikawa ya udongo, harufu kali ikapanda, na baadaye maji yakang'aa kuliko yalivyokuwa kabla. Wenye ng'ombe walidai kuna mtu aliyemwaga sumu, wengine wakalaumu dawa ya kuogeshea mifugo, na baraza iliyoitishwa chini ya mwembe ikamalizika bila mshitakiwa. Wanaikolojia huzijua sababu kadhaa za kuporomoka kwa maji ya kijani kwa namna hiyo, zikiwamo kwisha kwa virutubisho, kuliwa na vijidudu wakubwa kidogo, mabadiliko ya ghafla ya joto na chumvi, na maradhi ya virusi. Na ni hiyo ya mwisho ambayo haikumpitikia mtu yeyote pale barazani, kwa kuwa wazo kwamba ukoga nao unaweza kuugua lilikuwa nje ya mipaka ya fikra za siku zile. Jambo lililobaki akilini mwa mwandishi ni majani yaliyoota baadaye kuzunguka ukingo wa lambo, mabichi na marefu kuliko ya mahali pengine popote kijijini, dalili kwamba kilichokuwa ndani ya ukoga hakikupotea ulipokufa, bali kilihama.

Elimu kuhusu maradhi hayo ilikuwa changa wakati huo. Kirusi cha kwanza cha sianobakteria kilielezwa mwaka 1963 na Robert Safferman na Mary Ellen Morris wa Marekani, ambao walikipata katika bwawa la kusafishia maji taka huko Indiana na kukiita LPP-1, kwa herufi za mwanzo za majina ya aina tatu za sianobakteria kinaowashambulia: Lyngbya, Plectonema na Phormidium. Virusi vya jamii hiyo hujulikana leo kama sianofaji. Kwa miaka mingi vilichukuliwa kuwa silaha inayoweza kutumika dhidi ya maji machafu ya kijani, na mtazamo huo wa silaha ulichelewesha swali lenye uzito zaidi, yaani kirusi hufanya nini ndani ya seli kati ya saa kinapoingia na saa seli inapopasuka.

Mwandishi alilikuta swali hilo chuoni, katika somo la vitendo ambalo wanafunzi wengi walilipita haraka. Maji ya kijani yaliyokwisha kung'aa yenyewe yalipitishwa kwenye chujio lenye matundu ya mikromita 0.2, madogo kiasi cha kuzuia bakteria na kuviruhusu virusi, kisha matone ya maji yaliyochujwa yakatiwa katika chupa ya sianobakteria wenye afya, huku chupa nyingine ikiachwa bila matone kwa ajili ya kulinganishia. Chupa iliyotiwa matone ilipauka na kuwa safi. Ya pili ilibaki kijani. Mwalimu aliyesimamia somo, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache, aliwataka wanafunzi wasiishie kwenye rangi, akawaagiza wapime amonia katika chupa zote mbili kila baada ya muda. Chupa iliyopauka ilizidi kuwa na amonia nyingi kadiri bakteria wengine waliokuwamo walivyoyasaga mabaki ya seli zilizopasuka. Agizo hilo la mwalimu lina thamani kuliko mihadhara mingi, kwa sababu liliwahamisha wanafunzi kutoka kwenye swali la nani amekufa hadi kwenye swali la mali ya marehemu imekwenda wapi.

Hapa inafaa kuingia ndani ya seli yenyewe, maana huko ndiko somo lilikokomaa katika miongo miwili iliyopita. Sianofaji ni protini na DNA, na vyote viwili vimejaa naitrojeni. Katika besi nne zinazounda DNA, adenini na guanini zina atomi 5 za naitrojeni kila moja, sitosini ina 3 na thaimini ina 2, hivyo kila jozi ya besi hubeba atomi 7 au 8. Sianofaji aitwaye S-SM1, anayeishambulia sianobakteria ya baharini iitwayo Synechococcus, ana jozi takriban 174,000, maana yake DNA ya kirusi kimoja pekee huhitaji zaidi ya atomi milioni 1.2 za naitrojeni, bila kulihesabu ganda lake la protini. DNA yote ya Synechococcus wa aina ya WH8102, yenye jozi takriban milioni 2.4, hata ikikatwakatwa na kuundwa upya bila kupotea chochote, ingetosha DNA ya virusi 14 hivi, ilhali seli moja iliyoambukizwa huweza kutoa makumi ya virusi. Hesabu hii rahisi yatosha kuonyesha kwamba mwizi wa aina hii hawezi kutosheka na kilichomo nyumbani. Hana budi kutafuta naitrojeni zaidi, ama kwa kuvunja protini za seli, ama kwa kuilazimisha seli iendelee kununua nje.

Ni kipi kati ya hivyo viwili kinachotokea? Jibu lililopimwa kwa uangalifu lilitolewa mwaka 2019 na Jacob Waldbauer wa Chuo Kikuu cha Chicago pamoja na wenzake. Walitumia naitrojeni-15, ambayo ni isotopu, yaani umbo zito kidogo la elementi ile ile, linalotambulika kwa vipimo bila kubadili tabia ya kikemia. Waliwapa WH8102 naitrojeni hiyo nzito baada ya kuwaambukiza kwa S-SM1, kisha wakaangalia ilikoishia. Protini za virusi vipya zilikuwa na naitrojeni ya nje kwa kiwango cha hadi asilimia 41, huku protini za seli yenyewe zikiwa karibu hazina chochote cha naitrojeni hiyo. Tena chanzo kilibadilika kadiri maambukizi yalivyoendelea: mwanzoni virusi viliundwa kwa mali ya ndani ya seli, na baadaye sehemu iliyozidi kukua ikatoka majini. Seli iliyoambukizwa hufanana na chombo kilichotekwa kikiwa safarini, ambacho tanga lake halishushwi na mabaharia wake wangali kazini, ila bandari ya kushushia shehena imekwisha kubadilishwa. Kwa mwandishi, matokeo hayo yanaifuta dhana iliyofundishwa kwa muda mrefu kwamba seli iliyoambukizwa ni maiti inayosubiri kupasuka. Bado inakula, na inakula kwa niaba ya mwingine.

Jinsi kirusi kinavyoushika usukani huo imeelezwa kwa sehemu. Sianobakteria hupima njaa yake ya naitrojeni kwa molekuli ya kaboni iitwayo oksoglutareti, ambayo ndiyo mifupa inayopokea amonia ili kutengeneza asidi za amino, yaani matofali ya protini. Amonia ikipungua, mifupa hiyo hukosa kazi na kurundikana, na mrundikano wake huamsha protini ya uongozi iitwayo NtcA, ambayo huziwasha jeni za kutafuta naitrojeni. Mwaka 2010, Matthew Sullivan na wenzake walipolinganisha jenomu za sianofaji wengi wa baharini, walikuta mbele ya baadhi ya jeni za virusi maeneo yanayofanana na yale ambayo NtcA huyashika, pamoja na jeni za vimeng'enya vinavyoitumia oksoglutareti hiyo hiyo. Tafsiri yenye mantiki ni kwamba kengele ya njaa ambayo seli iliitengeneza kwa faida yake imefanywa pia kuwa kengele ya kuamsha jeni za mshambulizi. Mwaka uliofuata, Luke Thompson na wenzake walionyesha kwamba sianofaji hubeba pia jeni zinazozuia njia ambayo seli huitumia kujengea sukari kutokana na kaboni, na kuielekeza kaboni kwenye njia nyingine inayotoa malighafi ya DNA. Na kwa kuwa kaboni na naitrojeni hukutana katika oksoglutareti, hakuna namna ya kuigusa moja bila kuitikisa nyingine.

Upo pia mfano wa maji baridi ambao unawahusu Waafrika Mashariki moja kwa moja. Microcystis, sianobakteria anayeyageuza maji ya Ghuba ya Winam karibu na Kisumu kuwa kama rangi ya kupakia ukuta, hushambuliwa na kirusi kiitwacho Ma-LMM01, kilichopatikana katika Ziwa Mikata la Japani na Takashi Yoshida na wenzake. Kirusi hicho hubeba jeni iitwayo nblA, ambayo kwa kawaida ni mali ya sianobakteria wenyewe. Seli yenye njaa huitumia protini ya jeni hiyo kuzivunja antena zake za kunasia mwanga, ambazo zinaweza kuwa nusu ya protini zake zinazoyeyuka, ili kupata asidi za amino za dharura. Ndiyo maana ukoga wenye njaa hupauka kwanza kabla ya kufa. Kirusi kinapokuja na jeni hiyo kina ufunguo wa kuifungua ghala ya naitrojeni ya seli hata kama seli haina njaa. Microcystis hanasi naitrojeni ya hewa, lakini katika Ziwa Victoria anaishi pamoja na aina wenye heterosisti, na kazi ya Rose Mugidde wa Uganda na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2003, ilionyesha kwamba unasaji wa sianobakteria ni chanzo kikubwa mno cha naitrojeni ya ziwa hilo.

Safari ya wanafunzi kwenda Ziwa Nakuru iliyafanya mambo hayo ya ndani ya seli yapate ukubwa wa mandhari. Maji ya ziwa hilo ni ya magadi, yenye pH inayofikia 10 hivi, na kiumbe aliyeyatawala kwa muda mrefu ni Arthrospira fusiformis, sianobakteria wa umbo la hesi ambaye ndiye chakula kikuu cha heroe mdogo, ndege wengi wamjuao kwa jina la flamingo. Mwandishi anaikumbuka harufu ya amonia iliyowapokea wanafunzi kabla hawajashuka ufukweni, na mabishano yaliyofuata kuhusu kama ilitoka kwenye kinyesi cha ndege au kwenye maji. Kemia inayapa mabishano hayo uzito, maana amonia ikiwa katika maji ya pH 10 sehemu yake kubwa huwa katika umbo la gesi na hutoroka hewani, tofauti na lambo la Kikoneni ambalo amonia yake ilibaki na kulisha majani ya ukingoni. Kifo kile kile cha ukoga hutajirisha mahali pamoja na kufukarisha pengine, kutegemea maji kilimotokea.

Kwamba virusi vina mkono katika ziwa hilo kulithibitishwa na Peter Peduzzi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vienna, ambao mwaka 2014 walichapisha uchunguzi wao wa kuporomoka kwa Arthrospira kulikotokea Nakuru mwaka 2009. Walikuta virusi hadi takriban bilioni 7 katika mililita moja ya maji, ilhali maji ya juu ya bahari kwa kawaida huwa na milioni 10 hivi, na wakakuta seli za Arthrospira zilizojaa sianofaji ndani yake. Idadi ya heroe ilishuka pamoja na chakula chao. Miaka ya kabla ya hapo kila mara ndege walipohama au kufa vidole vilielekezwa kwa viwanda, kwa madini mazito na kwa maji taka ya mji, mambo ambayo kweli yanastahili kudhibitiwa; lakini mpango wa uhifadhi unaowahesabu ndege na kupima sumu bila kuuliza iwapo chakula cha ndege kina afya utaendelea kushtukizwa. Arthrospira naye hanasi naitrojeni ya hewa. Anapoporomoka na amonia yake ikatoroka, aina kama Anabaenopsis, ambaye ana heterosisti na huishi katika maziwa hayo hayo, hupata nafasi ambayo hakuwa nayo, na ndege aliyeumbwa mdomo wake kwa kuchuja Arthrospira haipati faida yake. Mwandishi analiona jambo hili kuwa zito kuliko idadi ya virusi yenyewe: maambukizi ya seli ndogo huamua ni nani atakayeingiza naitrojeni ziwani msimu unaofuata.

Kurudi kwa mwandishi Kwale kulimpeleka Gazi na Msambweni, ambako kazi ya ualimu ilimpa fursa ya kuwatoa wanafunzi darasani na kuwapeleka ufukweni. Siku za kaskazi, upepo unapotulia na bahari kuwa shwari, huonekana mbali na miamba mistari ya rangi ya hudhurungi inayoelea juu ya maji kwa urefu wa kutisha, na baadhi ya wavuvi wa ngalawa waliidhani kuwa mafuta yaliyomwagwa na meli. Ni Trichodesmium, sianobakteria wa baharini ambaye hunasa naitrojeni mchana bila heterosisti. Meli ya utafiti ya Uholanzi, Tyro, ilimkuta katika maji ya pwani ya Kenya mwaka 1992, na upande wa Tanzania Ian Bryceson na baadaye Charles Lugomela na wenzake wamemchunguza kwa miaka mingi, wakaeleza jinsi anavyostawi majira ya kaskazi. Bahari ya tropiki ni maskini wa naitrojeni karibu na uso, hivyo mistari ile ndiyo shehena ya mbolea inayoingia baharini pasipo mtu kuilipia. Naitrojeni hiyo huwafikia viumbe wengine kwa njia tatu kuu: Trichodesmium huvujisha sehemu yake angali hai, huliwa na wachache wanaoweza kumla, na hupasuka anapokufa, ikiwa ni pamoja na kufa kwa virusi. Njia ya mwisho huiacha naitrojeni katika umbo la vipande vidogo vilivyoyeyuka, ambavyo bakteria huvisaga kuwa amonia na kuvirudisha kwa viumbe wadogo wa karibu; wanabiolojia Steven Wilhelm na Curtis Suttle walieleza mwaka 1999 kwamba kwa mchepuko huo mali nyingi hubaki ikizunguka miongoni mwa wadogo badala ya kupanda hadi kwa samaki. Mvuvi aliyeiona mistari na kutarajia samaki wengi baada ya majuma machache anaweza kuwapata au kuwakosa, kutegemea mistari ile imeliwa au imeugua.

Kwenye mikoko ya Gazi wanafunzi walipenda zaidi mizizi ya kupumulia inayochomoza topeni, na wachache waliojali kuikwangua kwa kisu walikuta utando mwembamba wa kijani. Utando wa namna hiyo ulichunguzwa na Charles Lugomela na Birgitta Bergman, ambao mwaka 2002 waliandika kwamba sianobakteria wanaoishi juu ya mizizi ya mikoko hunasa naitrojeni. Tangu mwaka 2013 jamii ya Gazi na Makongeni huuza kaboni iliyohifadhiwa na mikoko yake kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na miti hupimwa unene na urefu kwa bidii inayostahili sifa. Lakini hakuna shina, jani wala mzizi unaojengwa kwa kaboni pekee, na mwandishi anashikilia kwamba daftari la vipimo vya mikoko linapaswa kuwa na safu ya naitrojeni ya utando, ikipimwa kaskazi na kusi, pamoja na sampuli ya maji iliyochujwa kwa chujio la mikromita 0.2 na kutiwa katika chupa yenye utando wenye afya, ili ijulikane kama unaugua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, akiwamo Makoto Kimura, wamekwisha kufuatilia jeni za sianofaji katika maji ya mashamba ya mpunga ya Japani, kwa hiyo vifaa na mbinu vipo, na mabonde ya Kikoneni yangefaa kuchunguzwa vivyo hivyo. Kipimo cha kwanza kinaweza kufanywa na wanafunzi wa kidato cha tatu wenye chujio, chupa mbili na karatasi za kupimia amonia, wiki ile ambayo ukoga wa mpunga unaanza kupauka na wakulima wanaamua kama wayafungulie maji yaende kwenye vijito vya Ramisi au wayazuie shambani kwa siku chache zaidi.